Makosa Matatu ya Gari la Rwegasira

Mngurumo ulianzia nyuma ya kilima, ukazama bondeni, ukaibuka tena karibu zaidi, na mbwa wa kijiji chetu kizima cha Kaisho wakaanza kubweka. Kisha honi. Ndipo gari likajitokeza kati ya migomba: jeusi, refu, limeinamisha pua kama fahali anayetaka kupiga pembe.

Mzee Rwegasira, mfanyabiashara wa kahawa, alikuwa amelinunua mwanzoni mwa mwaka ule wa 1954 kwa Mzungu wa machimbo ya bati aliyekuwa anarudi kwao. Silinda nane, viti vya ngozi, na saa ya mwendo yenye kuhesabu hadi maili mia. Mpwa wake alikuwa anamwoa dada yangu Deodatha. Siku hiyo mzee alikuja kututangazia kwamba bibi harusi hatabebwa kwa machela kama mama zetu. Atapanda gari hadi Kibingo, kwa mumewe.

"Na wewe, Melkiory," akaniambia, "utalisifia mbele ya watu. Nasikia unajiita mshairi."

"Sijiiti tu, mzee. Ndivyo nilivyo."

Papo hapo nikampa mistari miwili:

Laja languruma gari, milima yatetemeka,
Halina doa la shari, popote linakofika.

Rwegasira akapiga makofi. Lakini Bibi Adelgunda, jirani yetu, aliyekuwa akimenya ndizi na mama, akainua kisu. "Halina doa? Na mbuzi wangu aliyekufa Pasaka, alijigonga mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka moto. Kwetu, anayesimama harusini kusifia jambo anaweza kukatizwa na yeyote aliyeona vinginevyo. Akikatizwa hukaa chini, na mwaka huo hasimami tena.

Baba, Mzee Mutalemwa, hakucheka. "Leo mbuzi, kesho mwanangu. Machela sijasikia imeua mtu. Melkiory, nenda kajue gari hili limefanya nini tangu lifike. Ukiniletea neno baya, Deodatha atabebwa."

Dada alinifuata hadi uani. "Mimi nalitaka," akaninong'oneza. "Na ninaliogopa. Uniambie kweli, usiniletee shairi."

Nilizunguka siku nne. Adelgunda alinionyesha mahali mbuzi alipofia, katikati ya mteremko wa kanisa. Hatua chache chini yake, Byarugaba alinihesabia migomba saba iliyolazwa siku ya Pentekoste. Katekista Placidius alinionyesha ua wake uliovunjwa asubuhi ya ubatizo ambamo Rwegasira alikuwa msimamizi. Kumbe makosa yalikuwa matatu, yote mteremko ule ule, yote siku za sherehe. Kati ya siku hizo gari lilikuwa limekwenda Bukoba na kurudi mara tisa, na halikugusa hata kuku.

"Lina wivu," alisema Adelgunda. "Halipendi kuona wengine wamependeza."

"Dereva analewa sikukuu," alisema Byarugaba.

Lakini dereva, Pastory, alikuwa Mlutheri asiyeonja hata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilimkuta akipaka viti mafuta.

"Ni mwendo?" nikamwuliza.

"Mwendo gani! Bukoba nakwenda maili sitini. Mteremko wa kanisa nashuka polepole kama mwari."

"Siku hizo tatu ulifanya nini kabla ya kushuka?"

"Nililiosha tu. Mzee aende sherehe na gari la vumbi? Naliingiza kijitoni pale juu, kando ya barabara, maji hadi katikati ya magurudumu. Nalisugua kwa majani ya mgomba mpaka ling'ae, kisha nashuka naye."

"Na ukienda Bukoba huoshi?"

"Bukoba nani ananijua?"

Nikamtazama. Naye akaacha kupaka mafuta. "Twende tukajaribu," akasema.

Tulishuka kwanza na gari likiwa kavu. Alikanyaga breki, likasimama kama lililofungwa kamba. Tukapanda tena, tukaliingiza kijitoni, tukaliosha lote, tukashuka.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Gari liliendelea kana kwamba hatukusema nalo. Pastory akavuta breki ya mkono, akakata usukani, tukaingia shambani kwa Byarugaba na kuangusha migomba miwili. Mwenyewe akatokea na panga.

"Leo nayo ni sikukuu gani?"

Tuliposhuka taratibu, Pastory akikanyaga na kuachia, breki zilikauka na kushika tena. "Lori nililoendesha zamani sikuliosha hata siku moja, ningejuaje?" akasema, macho chini.

Alasiri hiyo niliyasema yote mbele ya baba na Rwegasira. Mzee wa kahawa akasimama.

"Bibi harusi apande gari la vumbi! Watu wa Kibingo watasema nini?"

"Watasema amefika," baba akajibu.

"Na sifa zangu?"

"Nimezibadili, mzee," nikasema. "Likikauka latii, likilowa halishiki."

"Unaniaibisha! Gari ni langu, nitaliosha nikitaka."

Baba akanigeukia. "Umesikia. Gari si baya, lakini mwenye gari anapenda maji. Nani atanihakikishia?"

Deodatha alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti. Nilimwendea, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Dada, siku yako nitalifuta gari hili mwenyewe kwa kitambaa kikavu, kutoka taa hadi taa. Kisha nitasimama mbele ya kijito mpaka upite. Atakayetaka kuliosha atanikanyaga mimi kwanza. Na harusini nitamtaja mbuzi wa Bibi Adelgunda, nitaitaja migomba na ua wa katekista, mbele ya watu wote. Nakuahidi, Deodatha: utapanda gari, na utafika."