Mkono Chini ya Pazia

Amirali alikuwa kafika mpaka wa kaskazini. Aliweka rula chini ya mstari wa hati ya mauzo, akaandika polepole: "Kaskazini, shamba la marehemu Mwalim bin Muhiddin, mashariki, njia ya gari." Akachovya kalamu, akasita. Kuandika mipaka alikujua. Fungu la ushahidi, lile la mwisho kabisa, ndilo ambalo hakujua wanaliandikaje huku Unguja, na tangu afike alikuwa keshaambiwa mara nyingi kwamba Mombasa si Unguja.

Mawakili sita walimwambia hivyo kabla hajafika kwa huyu wa saba. "Umesomea Uingereza, umetokea Mombasa, na sasa unataka kesi za mashamba ya huku?" mmoja alimuuliza. "Mkarafuu wenyewe ukiuona utaujua?" Makarani wake wakacheka mpaka mlangoni. Wakili Shamsi peke yake ndiye aliyemwambia kaa. Alimpa meza ya dirishani, ghorofa ya pili, na ahadi moja: akiikamilisha vizuri hati hii ya kwanza, atamwandikia barua ya kumtambulisha mahakamani. Bila ya barua ya wakili wa hapa, Amirali alikuwa mtu mwenye joho sandukuni tu. Kibali chake cha kukaa kilibakiwa na siku kumi na moja, na mama yake, mjane, alikuwa Mombasa katika nyumba ya watu, akingoja kuitwa.

Akainuka kutafuta mfano katika kabati la hati za zamani.

Alipata tatu, zimefungwa pamoja kwa utepe mwekundu. Zote zilikuwa za wajane waliouza mashamba: Bi Mwatum wa Mbweni, Bi Wanu wa Chuini, Bi Mwanaasha wa Bububu. Zote zilimalizika kwa maneno yaleyale: "Ametia dole gumba mbele yangu, mkono wake ukitoka chini ya pazia, kwa kuwa yumo edani." Na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kulala: Hasan, yule aliyekalia meza hii kabla yake, ambaye mwavuli wake mweusi ulikuwa bado unaning'inia mlangoni.

Jambo hilo halikumshangaza. Baba yake alipofariki, mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na wakili aliyehitaji alama yake alikaa ukumbini, mama nyuma ya pazia. Mkono ulitoka, ukatia dole, ukarudi. Ndiyo heshima yenyewe.

Akanakili maneno yale. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kurudisha karatasi bila kuitazama pande zote mbili, akaigeuza hati ya Bi Mwanaasha. Nyuma, pembeni, palikuwa na maneno manne ya penseli, madogo, kwa mwandiko uleule wa kulala.

"Mkono una hina mbichi."

Aliyasoma mara mbili. Hakuwa mwepesi wa kumdhania mtu. Pengine ni hina ya zamani, ya kabla ya msiba, bado haijafutika. Lakini Hasan aliandika mbichi. Mama yake katika eda hakugusa hina, wala wanja, wala udi. Hata mafuta ya nazi aliyanusa kwanza ndipo ayapake, yasije yakawa na asumini. Hakuna mwanamke wa pwani hii asiyelijua hilo. Mkono wenye hina mbichi haukuwa mkono wa mjane. Na kama haukuwa wake, basi Bi Mwanaasha hakuuza shamba. Liliuzwa yeye yumo ndani, hana habari.

Akatazama jina la mnunuzi katika hati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni mtu mmoja, shemeji yake Wakili Shamsi. Akarudi mezani akaitazama hati yake mwenyewe, ya Bi Kidawa wa Mtoni, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Mnunuzi ni yuleyule.

Viatu vya makubadhi vilisikika ngazini. Borafya, karani mkuu, akaingia na kikombe cha kahawa.

"Bwana Wakili wa Mombasa! Bado uko kaskazini tu? Shamba lenyewe unalipima kwa rula?"

"Nnamaliza, Bwana Borafya."

"Maliza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupa wiki mbili, na jembe lenyewe kalamu." Akacheka, akakiweka kikombe. Jicho lake likatua kwenye utepe mwekundu. Kicheko kikabaki mdomoni lakini hakikuendelea. "Hizo umezitoa za nini?"

"Natafuta mfano wa ushahidi. Huyu Hasan aliandika vizuri."

"Aliandika vizuri sana. Kupita kiasi." Borafya akazikusanya hati, akazifunga. "Kasafiri. Yuko Kilwa."

"Mwavuli wake ule pale mlangoni?"

"Kilwa kuna jua, bwana."

Wakili Shamsi akatokea chumbani kwake. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu nyeupe isiyo na mkunjo, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyekatizwa maneno.

"Shikamoo, Wakili."

"Marahaba, mwanangu. Kesho saa mbili za asubuhi gari itakuwa chini. Mtakwenda Mtoni wewe na Borafya. Mkono utatoka, utatia dole, utasaini. Ukirudi, barua yako hii hapa." Akainyanyua bahasha, imeshafungwa kwa lakiri, akairudisha chini ya kitabu alichokishika.

Amirali alipanga maneno yake kabla ya kuyatoa. "Huko Mombasa, Wakili, mjane huulizwa mambo mawili nyuma ya pazia. Ataje jina la marehemu mumewe, na jina la shamba. Ningependa nimsikie."

"Yumo edani. Sauti yake waisikie wanaume?"

"Kwa dharura, nadhani inaruhusiwa."

Shamsi akakihamishia kitabu mkono wa pili. Hakukasirika, na kule kutokasirika ndiko kulikomtia Amirali baridi. "Hasan naye alitaka kusikia sauti," alisema. "Mtu hodari. Sasa karudi kwao Pemba."

Kilwa, Pemba. Pengine alipita Kilwa kwanza, Amirali alijiambia, akijaribu kuwa mwadilifu. Lakini hakuna anayepita Kilwa kwenda Pemba.

Shamsi akaingia chumbani, Borafya akamfuata. Mlango haukushika vizuri. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa masika. Amirali aliiweka kalamu chini ili isikwaruze.

"Na mkeo," ilisema ile sauti ndogo, "mwambie tena. Mikononi asipake kitu."

"Nshamwambia, bwana. Mwezi wa pili huu hajagusa hina. Harusi ya mdogo wake kaenda na mikono mitupu, watu wamemcheka."

"Wacheke."

Kwa hiyo kesho mkono utakaotoka, wa mke wa Borafya, utakuwa safi. Hakutakuwa na alama yoyote ya kumjulisha mtu; atajua yule tu ambaye tayari anajua.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwishapita, na mvua ilianza kupiga kwenye mabati ya jirani. Hati ilikuwa mbele yake, imekamilika isipokuwa mstari mmoja: "Mbele yangu mimi". Hakuandika jina. Alipangusa kalamu, akafunika wino, akaigeuza karatasi. Pembeni, kwa penseli, herufi ndogo, akaandika: "Bi Kidawa, Mtoni. Mkono nitauona. Sauti nitaidai."

Borafya alikuwa kasimama mlangoni.

"Umemaliza?"

"Umebaki mstari mmoja. Nitauandika kesho, huko huko."

"Vizuri." Borafya akautungua mwavuli mweusi msumarini, akampa. "Chukua, utalowa. Mwenyewe hatorudi kuutaka."

Amirali alitazama mpini wake, uliong'aa pale kiganja cha mtu mwingine kilipozoea kushika.

"Ahsante," alisema. "Nitalowa."

Akashuka ngazi.