Kigoda cha Mfiwa

Damas alijua kusoma, alijua kuhutubia, na sheria ya uchaguzi aliijua kuliko karani aliyetumwa na Mwingereza kutoka Tabora. Watu ndio alikuwa hajawajua.

Aligombea ujumbe wa baraza hapo Usoke, mara yake ya kwanza, dhidi ya Mzee Lugembe, mwanangwa aliyeongoza kijiji tangu Damas hajazaliwa. Alikitaka kiti kwa sababu moja: serikali ilikuwa imefunga msitu ambamo watu walitundika mizinga yao ya nyuki, na Lugembe mbele ya wazungu alikuwa bubu.

Siku moja kabla ya kura, mke wa Lugembe, Mama Leonia, akazikwa. Damas hakwenda.

"Watasema nimefuata kura makaburini," alimwambia mama yake, Tekla.

"Mazikoni haendi mgombea, baba. Anakwenda mtu." Tekla akajitanda kanga, akaenda peke yake.

Kesho yake watu walikusanyika karibu na stesheni. Lugembe alikuwa matangani, mfiwa hatoki; karani akaweka kigoda mahali pake. Sheria ilikuwa mgombea atazame reli, watu wajipange nyuma yake. Damas akasimama na shati lake la pasi. Akasikia nyayo, nyingi, zikija. Akamwonea huruma mzee wa watu. Kijana huyu, jamani, alishaanza kupanga hotuba ya barazani!

"Geuka," karani akasema.

Nyuma yake walikuwa vijana wachache wa kwaya. Nyuma ya kigoda kitupu kilisimama kijiji kizima, na Tekla katikati yao, analia, wala hakusogea.

Aibu ilimchoma Damas. Hata hivyo alikwenda msibani, na safari hii hakuuliza watu watasema nini. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Umeshinda, baba."

Lugembe akainamisha kichwa. Hakufurahi hata kidogo.

"Leonia aliniusia nikuachie kiti. Alisema msitu unataka msemaji, na mimi si msemaji. Jana nilisimama kaburini nakutafuta kwa macho, nikushike mkono mbele ya watu. Nikaambiwa hukuja."

Ndipo Damas alipomlilia Mama Leonia, pale mkekani, wenzake wakiwa wamekwisha kumlilia.