Nilimwambia Asubiri Bei Ishuke

Mwaka wa mvua za elnino niliandika bei mpya ubaoni mara nne, na mara zote nne nilitukanwa mimi. Ubao ulisimama mbele ya kituo chetu cha mafuta pale Mkuyuni. Chaki ilikaa mfukoni mwangu. Watu waliona mkono unaoandika wakaamini ndio unaopandisha.

"Luhende, leo umeamka na roho mbaya tena?" aliuliza Shimba, dereva wa teksi, kabla hata hajazima gari.

"Nimeandika tu. Sikupanga."

"Nani kapanga sasa?"

"Kamuulize tajiri. Yuko ndani na feni yake."

Tajiri wetu, mzee Machibya, ukimuuliza anasema ni kampuni za Dar. Kampuni, anasema yeye, zinasingizia dola. Mwalimu mmoja mwenye pikipiki alisema ni soko huria: tuliambiwa litashusha bei, kumbe linatushusha suruali. Madereva wa malori waliilaumu reli, kwamba maji yamekata njia na mabehewa ya mafuta yamekwama porini. Mama mmoja wa Magu mwenye mashine ya kukoboa mpunga alikuja na madumu mawili akasema ni dhambi zetu. Nikamjazia madumu yake. Kazi yangu ilikuwa kujaza.

Na mimi nilikuwa na jibu langu. Kila aliyeniuliza mama Selina yuko wapi, nilimwambia mafuta ndiyo yaliyomweka mbali. Nauli haishikiki. Ikishuka atarudi. Nililisema hilo miezi minne.

Mama Selina ndiye mke wangu, Kokuberwa, Mhaya wa Kamachumu. Tulikaa miaka ishirini na mbili katika vyumba viwili, tukamlea Selina hadi akaolewa. Mimi Msukuma nimekulia ugali na maziwa, na miaka yote hiyo nilizilalamikia ndizi zake. Nikitoka kazini namkuta amekaa kwenye kigoda, anamenya, maganda yanaanguka kwenye karai bila yeye kuyatazama.

"Leo tena?" namuuliza.

"Leo tena, baba Selina. Kama kuna ng'ombe umemficha mahali, mlete tukamue."

Alipoondoka, mimi mwenyewe nikawa naenda sokoni kununua ndizi. Nilizimenya kwa kucha zenye dizeli. Zilikuwa nyeusi kabla hazijaingia sufuriani, na zikiiva zilikuwa na ladha ya sabuni. Nilizila zote. Nilikaa kwenye kigoda chake, magoti yakiwa karibu na kidevu, nikatazama mlango.

Aliondoka hivi.

Mwezi wa pili mtu wa kwao alileta habari kwamba mama yake haamki kitandani. Kokuberwa akafunga mfuko saa ileile. Tangu ile ajali ya meli iliyozama ziwani hakutaka kukanyaga gatini, kwa hiyo ilikuwa apite barabarani: kivuko cha Busisi, halafu Geita, halafu Biharamulo mpaka Muleba. Wiki ile nauli ilikuwa imepanda karibu mara mbili.

Pesa ilikuwepo. Hapo nisidanganye. Lakini mzee Machibya alikuwa ameniambia reli inatengenezwa, mabehewa yanaingia wiki ijayo, bei itashuka. Na pale Mkuyuni hakuna aliyekuwa anajua bei kabla yangu. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia kitu kingine chochote.

"Subiri wiki moja," nilimwambia. "Mafuta yakishuka na nauli itashuka. Mama yako amekuwa anaumwa siku zote na anapona."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayeandika bei, mama Selina. Nani atakuwa na hakika kunishinda?"

Akafungua mfuko. Kila jioni nikiingia tu aliuliza, "Imeshuka?" Nami nilijibu, "Bado."

Siku ya tisa nilikuwa naijaza pikapu, redio ya ofisini imefunguliwa kwa sauti, saa ya matangazo ya vifo. Nikasikia Kamachumu. Nikasikia jina la mama mkwe, Ma Kemilembe. Habari zimfikie binti yake Kokuberwa popote alipo, mazishi leo saa nane mchana. Petroli ilifurika ikamwagika juu ya viatu vyangu. Mwenye pikapu alikuwa ananipigia kelele na mimi namtazama mdomo.

Nilikimbia nyumbani. Redio ya jirani ilikuwa imenitangulia. Mfuko haukuwepo, na moto jikoni ulikuwa umemwagiwa maji, majivu bado yanatoa moshi. Alilipa nauli ileile ambayo nilimwambia asiilipe. Alifika siku mbili baada ya mazishi. Mtoto wa kuzaa, na hakuutupia udongo mwili wa mama yake.

Nilimwandikia barua mbili. Katika zote mbili niliandika kwamba nauli bado iko juu, ikishuka nitatuma pesa arudi. Hakujibu.

Mwezi wa sita Muganyizi, dereva wa lori la mafuta aendaye Bukoba, alisimama kituoni kwetu kujaza upepo. Ni mtu wa kwao, ananiita shemeji.

"Shemeji, mbona umekonda hivi? Wasukuma mmeanza kufunga?"

Nikamweleza habari ya nauli.

"Nauli!" akacheka. "Mimi kiti cha pembeni kinakwenda wazi na kurudi wazi. Namleta dada yangu bure. Hapo mafuta yatasema nini tena?"

Sikulala vizuri siku zile. Nilipaka nyumba chokaa. Nilinunua godoro, lile la zamani lilikuwa limebonyea upande wake tu, na shimo lile sikutaka alione, maana angejua nilikuwa nalala palepale. Siku ya sita nililiona lori linateremka, na kwenye kiti cha pembeni kitu cha kijani. Kokuberwa ana kitenge cha kijani. Niliacha mpira wa pampu kwenye gari la watu nikaenda mbio.

Ulikuwa mkungu wa ndizi, umesimamishwa kitini kama abiria.

"Yuko wapi?"

Muganyizi alishuka taratibu. "Nilimwambia gari ni la bure. Akaniuliza, 'Amekutuma useme nini?' Nikamwambia, shemeji anasema ni mafuta ndiyo yaliyokuzuia, sasa usafiri upo. Akacheka."

"Alichekaje?"

"Vibaya. Halafu akasema, 'Muganyizi, mafuta hayakukaa mlangoni kwangu siku tisa. Aliyekaa mlangoni namjua.' Akaendelea na kazi zake."

Mwenye gari nililoliacha kwenye pampu alikuwa anapiga honi.

"Na mkungu huu?"

"Wa kwangu huo. Usiuangalie hivyo."

Siku ileile niliingia ofisini kuomba ruhusa ya wiki moja. Mzee Machibya aliniuliza naenda wapi, nikamwambia Kamachumu.

"Sasa hivi? Nauli iko juu sana, Luhende. Ungesubiri kidogo, nasikia mwezi ujao..."

"Hapana, mzee."

Barabara ilikuwa mbaya, sitaisimulia. Siku ya pili jioni nilikuwa shambani kwao. Nilimkuta katikati ya migomba, anakata majani makavu. Nywele alizonyoa kwa msiba zilikuwa zimeanza kuota, fupi kama za mtoto wa shule. Nilitaka kuweka mkono wangu pale juu. Nilisimama mbali.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Nauli imeshuka?"

"Imepanda."

Akanitazama mara moja, akakata jani.

"Pesa ilikuwepo," nilisema. "Gari lilikuwepo. Ni mimi niliyekuzuia. Nilitaka nionekane najua. Sikujua kitu."

Alikata majani matatu, manne, bila haraka.

"Mimi nililijua hilo tangu siku ya kwanza," alisema. "Kaliseme kwa baba mkubwa. Hapa mimi ndiye niliyechelewa kumzika mama yangu. Wanajua nilichelewa, hawajui kwa nini. Sikuwaambia."

Miezi minne alikuwa amebeba aibu yangu mbele ya ndugu zake, na mimi nilikuwa Mkuyuni nalaumu mafuta.

Baba mkubwa wake, mzee Rutashobya, alinipokea ndani, na ndugu wengine wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Nilipiga magoti. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Nikasema yote, siku tisa zote, sikuruka hata moja.

"Kwa hiyo, mkwe wangu," alisema, "ulikuwa unangoja bei ya kumzika mama mkwe wako ishuke."

"Ndiyo, baba."

Shangazi mmoja, Getruda, akasema, "Angalau hadanganyi." Mwingine akamjibu, "Angeanza kutodanganya mwezi wa pili."

Mzee alinisema mpaka taa ikawashwa. Aliyasema mengine kwa Kihaya, na yale niliyashukuru, maana sikuyaelewa. Mwisho akasema, "Mtoto wetu hatumfungi kamba. Akitaka kwenda, aende."

Wote wakamgeukia Kokuberwa.

"Sijataka bado," alisema.

Nilikaa siku tatu. Nililala kwa mzee. Mchana nilikuwa shambani naegemeza migomba kwa miti, mingine naiegemeza vibaya, na yeye anapita nyuma yangu kuirudia. Jioni alileta ndizi, nikala. Akinimwagia maji ya kunawa nilichelewesha mikono. Nilikuwa mita moja kutoka kwake na nilimkumbuka kuliko nilivyomkumbuka nikiwa Mkuyuni.

Asubuhi ya nne mzee alimwambia anisindikize hadi barabarani. Magari yalikuwa machache, mafuta hayakuwepo Muleba yote. Tulisimama kandokando tangu jua linachomoza. Alinieleza kuhusu kaburi, wapi watajengea, saruji itatoka wapi. Alinieleza siku aliyofika, nani alimpokea, nani hakumpokea. Sikuwahi kusikiliza hivyo. Jua likafika utosini. Zamani ningeanza kutukana serikali, Dar, reli na kampuni. Siku ile niliomba mafuta yasipatikane popote.

Halafu tukasikia gari linapanda mlima. Lilitokeza kwenye kona, pikapu ya abiria yenye turubai. Ruhusa yangu ilikuwa inakwisha kesho yake. Nikaokota mfuko, nikanyoosha mkono.

"Hilo limejaa," alisema Kokuberwa.

Halikuwa limejaa. Nilikuwa nauona ubao wa kukalia, na watu wanne tu juu yake, na dereva ameshaanza kupunguza mwendo. Nilimtazama mke wangu. Yeye alikuwa anatazama barabara.

Nikashusha mkono. Dereva akapiga honi mara moja, akapita.