Cherehani Iliyotazama Ukuta

Dada wawili mafundi wa kushona walikuwa pacha wa kufanana, na kwa miaka yote cherehani zao zilitazamana katikati ya kibanda chao. Mtaa uliwaita Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alizaliwa dakika chache tu mbele, lakini kwa majivuno yake ungedhani ni mwaka mzima. Wateja waliwachanganya, nao walicheka, kila mmoja akipokea sifa za kazi ya mwenzake bila haya.

Kisha wakaja watafiti wa magonjwa ya kurithi, wanatafuta pacha. Waliwatoa damu, wakamuuliza kila mmoja kama angependa kuambiwa kitakachoonekana. Mkubwa, mtu wa kutaka kujua hata jirani kapika nini, alisema ndiyo. Mdogo alikataa katakata.

"Mimi usingizi wangu naupenda," alisema.

Majibu yalipotoka, Mkubwa aliitwa peke yake. Mshauri, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alimweleza kwamba amerithi ugonjwa utakaoyafifisha macho yake polepole, kuanzia katikati. Sura za watu zitampotea kabla ya kuta na milango. Dawa bado haijapatikana.

"Na pacha wangu je?"

"Majibu haya ni yako, mama. Yeye alichagua kutojua, na tunauheshimu uamuzi wake."

Wanauheshimu! Damu ni ile ile, tumbo ni lile lile, halafu mtu anaambiwa achukue nusu yake aende nayo nyumbani. Mkubwa alitoka pale na mzigo wa watu wawili, na hana wa kumtua.

Shida ilikuwa uso wake. Tangu utotoni, Mdogo aliusoma bila kukosea. Mkubwa aliponyanyua macho na kumwona mwenzake anashona vifungo huku akipiga mluzi, aliyainamisha tena haraka. Kesho yake akaisukuma cherehani yake mpaka ukutani, akampa kisogo.

"Huku kuna mwanga mzuri," alisema. Uongo mtupu. Pale palikuwa na giza, pindo lilishonwa kwa kupapasa.

Wiki zikapita hivyo. Mdogo alirusha utani, Mkubwa akajibu "mm" bila kugeuka. Chakula chake alikila akiutazama ukuta. Alitamani hata wagombane. Hakuwahi kuwa mpweke kiasi kile, na mtu pekee ambaye angemkimbilia alikuwa ameketi nyuma yake.

Alasiri moja mluzi ulikatika. Kiti kikasogea, kisha mkono wenye sindano na uzi ukapita juu ya bega la Mkubwa.

"Hebu nitungie, dada. Nimehangaika nayo weee, tundu silioni."

Moyo wa Mkubwa ulipiga paa! Alitunga uzi, akairudisha sindano bila kugeuza shingo. Mdogo aliipokea lakini hakuondoka.

"Kuna jambo, nalijua," alisema. "Usiniambie. Nilisema sitaki, na bado sitaki."

"Sasa unataka nini?" Sauti ya Mkubwa ilikuwa imeshalowa machozi.

Mdogo aliichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akainama, akashika upande mmoja wa cherehani.

"Shika huko, tuirudishe mahali pake," alisema. "Nataka nikutazame nishibe."