Ngoma ya Fanfare katika Darasa la Pili

Katungu Emérence alipotumwa Beni kufundisha darasa la pili, alikuta saa ya muziki imeandikwa vizuri kwenye ratiba, na kila mwalimu akiitumia kuwafagisha watoto uwanja. Jambo hilo lilimchoma. Yeye alikulia Butembo, katika familia ya Kiprotestanti ambamo kila mtu aliimba au alipiga kitu. Aliwauliza watoto wanajua miziki gani. Walijua nyimbo za kanisa na kelele za baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Basi.

Kwa hiyo kila Alhamisi, baada ya mapumziko, akawaletea muziki wa namna moja. Alianza na rumba kwenye simu yake, watoto wakacheza mpaka madawati yakasogea. Juma lililofuata akaleta kwaya ya akina mama. Kisha akamwomba kaka yake, Timothée, aliyepiga ngoma ndogo katika fanfare, bendi ya tarumbeta na ngoma, ya kanisa lao Butembo, apande gari aje awaonyeshe watoto fanfare ni nini.

Timothée alifika na shati jeupe la fanfare. Alisimama mbele ya darasa akitabasamu, akainua vijiti, akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa nguvu na kwa haraka. Trrra-ta-ta-ta.

Watoto walilala chini.

Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomshtua Emérence kuliko yote. Walilala vizuri, tumbo sakafuni, mikono juu ya vichwa, kama watu waliokwisha kulizoea tendo hilo. Mmoja tu hakulala. Sagesse, mtoto aliyekaa karibu na mlango, alitoka mbio. Emérence alimfuata akiita, "Sagesse! Ni ngoma tu! Rudia huku!" Mtoto hakugeuka. Walimtafuta mpaka mchana, wakamkuta sokoni, amejikunja chini ya meza ya muuza samaki wa chumvi, amejikojolea.

Kesho yake mama yake alikuja. Jina lake Kahongya. Alikuwa amekimbia vita kutoka upande wa Kamango na mtoto huyo mmoja mgongoni, na sasa aliuza unga wa muhogo mjini. Hakubisha hodi. Aliingia katika ofisi ya directeur wa shule, Ézéchias Kitsa, ambaye alikuwa akimkaripia Emérence.

"Njo weye madame?" aliuliza, akitaka kujua kama ndiye mwalimu. "Nani alikutuma kupigia batoto masasi mu classe?"

"Haikuwa masasi ya bunduki, mama Sagesse. Ilikuwa ngoma ya fanfare."

"Mutoto hajue fanfare! Mutoto anajua sauti moya. Siku balisikia ile sauti, baba yake hakurudia ku nyumba. Na weye unaenda kuleta ile sauti mu masomo, ku shule kwenye ninamutuma kusudi asahau!"

Directeur akaingilia.

"Mama, imekwisha. Kuanzia leo hakuna muziki kwa hii masomo. Ni kusoma na kuhesabu. Madame, batoto ya hapa haiko kama batoto ya kwenu Butembo. Tulikuambia."

"Hakuna mutu aliniambia kitu, directeur."

"Sasa nimekuambia."

Hapo hasira ya Emérence ikapanda. Alikuwa amekesha nayo, akijikasirikia, na sasa ikapata mlango.

"Sawa," alisema. "Tufunge muziki. Na kiisha? Siku ya ndoa ya hawa batoto, fanfare ikipita, bibi harusi atalala chini na nguo yake nyeupe? Tutamufundisha kusoma na kuhesabu, na tutamuacha na ile woga mupaka azeeke? Mimi nilikosa, mama, nakubali nilikosa. Lakini niko na kasirani! Si mimi nilifundisha batoto kulala vile!"

Directeur alipiga meza. "Madame, heshima!"

Lakini mama Sagesse alisogea karibu na Emérence.

"Kwetu Kamango," alisema polepole, "ngoma njo iliita batu ku ndoa. Yangu pia. Balinichezea mupaka jua likapanda." Akageukia dirisha, na sauti yake ikabadilika, ikawa ngumu. "Batu ya bunduki balikamata shamba. Balikamata bwana yangu. Ngoma pia banataka? Hapana. Ile, hapana!"

"Mama, tafazali," alisema directeur.

"Sijamaliza. Weye madame, ulifanya mubaya. Ata mutoto muchanga, unamuonyesha kijiko kabla ya kumuwekea mu kinywa. Leta ile ngoma inje, pa mwangaza. Batoto baione. Baipige beye benyewe. Nitakuja na Sagesse."

"Na kama mutoto anakimbia tena mupaka ku barabara, nani atajibu?" aliuliza directeur.

"Mama yake," alisema Kahongya, akatoka.

Kumrudisha Timothée kulikuwa kazi nyingine. Alikuwa Butembo, na kwenye simu alipiga kelele. Alisema tangu azaliwe anampigia Mungu ile ngoma, na sasa watoto wamemtazama kama mtu wa bunduki; hatapanda gari tena kwenda kutukanwa hivyo. Emérence alimwambia kwamba hakuna aliyemtukana. "Njo hiyo inaniuma," Timothée alijibu. "Hawakunitukana. Balilala tu." Hata hivyo, Alhamisi alikuja.

Safari hii hakuvaa shati la fanfare. Aliketi chini uwanjani, akaigeuza ngoma, akawaonyesha watoto nyuzi za chuma zilizonyooshwa chini yake. "Hizi njo zinatoa ile sauti ya mubaya," alisema, akazilegeza mbele yao. Akagonga kwa kidole. Sauti ikatoka nzito na ya chini, kama mtu anayebisha mlango wa mbao.

Directeur alikuwa amekasirika hata hakusalimu mtu. Alikwenda kusimama kwenye lango, mikono ameitandaza, ili mtoto yeyote asipite kwenda barabarani. Alisimama hapo jua likimpiga, mpaka mwisho.

Kwa muda hakuna mtoto aliyesogea. Kisha Siméon, mtoto mdogo kuliko wote, akaja akagonga kwa kidole. Akagonga tena. Akakunja ngumi. Alipiga, akapiga, na uso wake ukabadilika, akaanza kusema "Toka! Toka! Toka!" kwa kila pigo. Wengine wakamfuata. Walisukumana, wakapiga kwa mikono, kwa viatu, bila mpango wowote. Emérence alikuwa ameandaa somo juu ya mapigo mawili na mapigo matatu. Aliliacha. Mtoto mmoja alikuwa akipiga huku akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia aache.

Walipochoka, Kahongya alikuja. Alipiga magoti, akaipiga ngoma ya ndoa ya kwao, amekaza taya kama mtu anayepasua kuni. Hakuwa mpigaji mzuri. Watoto walianza kupiga makofi.

Sagesse hakuigusa. Alikaa mbali, masikio ameyaziba kwa mikono. Timothée alipokuwa anafunga ngoma yake, mtoto huyo alimkaribia hatua chache.

"Usirudishe zile kamba za chuma," alimwambia.

"Sitarudisha. Mupaka weye useme."

Hakusema, mwaka ule wote. Saa ya muziki ilirudi kwenye ratiba, kwa amri ya directeur kwamba watoto waonywe na majirani waonywe kabla ya kitu chochote kupigwa. Zikaja gitaa, zikaja filimbi za mianzi kutoka Musienene, na Sagesse alipenda filimbi. Ngoma ilipotoka, aliomba ruhusa ya kukaa karibu na lango, na alipewa.

Watu walimwambia Emérence kwamba amefanya jambo jema. Hakupenda kusikia hivyo. Siku moja, katikati ya somo, bomba la moshi la pikipiki lililipuka barabarani, paa! na nusu ya darasa ikawa sakafuni. Emérence aliweka chaki chini, akavuka uwanja, akatoka langoni. Directeur alikuwa ametangulia, amemshika mwendeshaji pikipiki kwenye ukosi.

"Utengeneze hii kitu!" alikuwa akipiga kelele. "Unasikia? Utengeneze!"

Emérence akasimama upande wa pili wa pikipiki, akaanza kumpigia kelele mwendeshaji pamoja na directeur.