Fulana ya Kamanda

Siku waliyotoka kumzika mwanawe, Fundi alivunjwa jino na mdogo wake wa tumbo moja. Alivutwa nyuma ya karakana yake ya kuchapa fulana, akabanwa koo ukutani, akala ngumi ya mdomo. Kisha mdogo mtu akamsemesha kwa adabu zote.

"Dada, tuelewane. Mtoto kagongwa na lori. Mama akisikia vingine, moyo wake hautahimili, na wewe ndiye utakuwa umemuua."

Fundi alitema damu, akaitikia kwa kichwa. Mdogo wake alimtolea leso yake mwenyewe ajifute.

Huyo ndiye kitinda mimba wa nyumba yao, na mtaa mzima ulimwita Kamanda. Aliongoza walinzi wa mtaa, kundi la vijana wenye nondo waliokamata wezi, na wezi wakikosekana wakamkamata yeyote aliyepita. Duniani hakumwogopa mtu ila mama yake, ambaye aliishi naye na ambaye mpaka leo alimfulia nguo na kumpigia pasi, jitu zima lenye ndevu.

Habari za lori Fundi hakuziamini hata dakika moja. Aliifunua sanda kidogo kabla haijafungwa, akaona alama za kamba kwenye vifundo vya mikono. Lori halifungi mtu kamba. Baadaye muuza nyama, mmoja wa walinzi, alimjia karakanani, akashindwa kumtazama usoni, akayamwaga yote. Kijana alikuwa amebeba boksi la fulana nyeusi, mzigo wa mama yake, alfajiri kabla hakujapambazuka. Walipiga kelele za mwizi, wakamwangusha, wakamfunga. Kamanda ndiye aliyeanza na nondo. Kijana akawa analia, "Mjomba, ni mimi. Mjomba, ni mimi." Kamanda akaendelea kupiga mpaka sauti ikakatika, ndipo mtu akawasha tochi.

"Alimsikia?" Fundi aliuliza.

"Sote tulimsikia," muuza nyama alisema.

Tangu hapo Fundi alimchukia mdogo wake kuliko alivyowahi kumpenda, na alikuwa amempenda sana. Alimlea mgongoni huyo. Lakini kilichomkaba zaidi ni mama yake. Bibi alimwita mjukuu wake "mume wangu" tangu siku aliyozaliwa, na hawakuisha kugombana: mara mume hanitunzi, mara mume kaanza kuangalia wasichana. Sasa kila asubuhi ajuza huyo alivuka uchochoro, akakaa kwenye kiti cha karakana, akauliza swali lilelile.

"Dereva aliyemgonga mume wangu hajapatikana bado?"

"Bado, Mama."

Na kila alipojibu hivyo, Fundi alijiona amemzika mwanawe mara nyingine. Alitaka mama yake ajue. Alitaka hivyo kuliko chakula, na aliogopa kwamba kweli angemuua kwa kumwambia.

Wiki ile Kamanda alikuja kuagiza fulana. Walinzi wangepokewa uwanjani na wakubwa, wapewe pongezi kwa kulinda mtaa.

"Nyeusi zote. Ngao kifuani, nyekundu, njano na kijani. Ziwake, Dada, watu wazione kutoka mbali." Aliipapasa meza kama mwenye mali. "Na yangu uifanyie kitu cha peke yake."

"Nitaifanyia," alisema Fundi.

Rangi hazichapwi hivihivi juu ya kitambaa cheusi, weusi huzimeza. Kwanza Fundi alichapa ngao kwa wino wa kung'oa rangi, uji uliochanganywa na unga wa kuuamsha. Ukishasukumwa kwa raba kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu, fulana hubaki nyeusi vilevile, utadhani haijaguswa. Kazi yote hufanywa na joto. Aliposogeza taa ya joto juu yake, karakana ilijaa harufu ya mayai viza, na weusi ukatoka palepale wino ulipokaa, pamba ikarudia rangi yake ya kuzaliwa. Juu ya weupe huo ndipo alipochapa nyekundu, njano na kijani, kila rangi na fremu yake. Zilitoka nzuri mno.

Ya Kamanda aliimaliza mwisho. Halafu akaigeuza mgongo juu. Nyuma ya rafu alikuwa ameficha fremu yenye sura ya mwanawe, aliyoitengeneza kwa fulana za msiba kabla Kamanda hajazipiga marufuku. Chini ya kidevu aliongeza maneno matatu. Alivuta raba mara moja, kwa nguvu, na taa ya joto hakuigusa. Aliikausha kwa feni. Mgongo ukabaki mweusi tii.

Kamanda aliifuata mwenyewe asubuhi ya sherehe. Akaipapasa.

"Mbona mgongoni pagumu?"

Fundi alijitia kupanga fremu. "Wino huo. Mwambie Mama aipige pasi nyuma, juu ya kitambaa chenye maji. Italainika."

"Haya, Dada. Umejitahidi."

Alipoondoka, Fundi alitaka kumkimbilia amnyang'anye. Akilini alimwona mama yake ameshika kifua, ameanguka kando ya meza ya pasi. Akakaa chini, akangoja.

Hakungoja sana. Mlango ulipigwa teke. Kamanda aliingia kifua wazi, fulana mkono mmoja, nondo mkono wa pili. Aliitupa fulana sakafuni. Uso wa kijana ulikuwa umetoka wote, mweupe juu ya weusi, na chini yake "Mjomba, ni". Neno la mwisho pasi ilikuwa haijalifikia.

"Umemwonyesha Mama," alisema. "Umemwonyesha Mama!"

Nondo ilianza na fremu. Mbao zilipasuka, nyavu zikachanika, ndoo za wino zikamwagika nyekundu na njano mpaka mlangoni. Kisha ikamwangukia Fundi begani, na mfupa ukalia. Kamanda alimnyanyua kwa shingo, akamlaza juu ya ubao wa kuchapia, akaivuta taa ya joto na kuiwasha juu ya uso wake. Fundi alisikia nyusi zake zikiungua. Alirusha mateke, akaung'ata mkono uliomkaba kwa meno yaliyobaki, na mkono haukuachia.

Aliyeuachisha ni mama yao. Aliingia bila viatu, pasi mkononi, waya ukiburuzika nyuma yake katika wino, na bila neno akaibandika pasi kwenye mkono wa mwanawe. Akaigandamiza. Ngozi iliungua. Kamanda alipiga ukelele, akarudi nyuma, nondo ikamponyoka.

"Umeninyang'anya nguo," alisema Bibi, akihema. "Nilikuwa sijamaliza." Akamgeukia Fundi. "Mwanangu, nimalizie."

Fundi aliokota fulana kwa mkono mmoja mzima, akaitandika chini ya taa. Watatu hao walisimama wakiangalia. Harufu ikapanda. Neno lilitoka taratibu, herufi baada ya herufi: "mimi".

Bibi alilisoma kwa kunong'ona, akamgeukia kitinda mimba wake.

"Alikuita?"

"Mama, kulikuwa giza."

"Sikuuliza giza. Alikuita?"

Kamanda alipiga magoti kwenye wino. Alilia kwa sauti kama alivyolia utotoni. Wala Fundi hakumhurumia. Aliogopa tu kumtazama mama yake, ambaye uso ulikuwa umemkauka na mkono wake wa kushoto umekandamiza kifua. Lakini alikuwa amesimama. Muda wote huo walimdanganya ili asife, na ajuza alikuwa amesimama.

Kutoka uwanjani kipaza sauti kilianza kuwaita walinzi wa mtaa.

"Vaa," Bibi alisema.

"Mama, nakuomba."

"Vaa. Wanakuita, na leo umesikia."

Aliivaa fulana ingali ya moto, mkono wa fulana ukikwaruza lile jeraha la pasi, ngao ikiwaka kifuani, uso wa kijana mgongoni. Bibi aliiweka pasi mezani, akajifuta mikono kwa kanga, akamshika binti yake upande usiovunjika.

"Tangulia," alimwambia mwanawe. "Sisi tunakuja nyuma, na mume wangu."