Mchezo Huu Hauonyeshwi Katika Eneo Lako

Kibanda umiza changu kiko nyuma ya soko la Nachingwea, na asiyependa mwanamke kuendesha kibanda umiza akaangalie mpira kwake. Nina mabenchi kumi na mawili, televisheni kubwa moja, na simu ninayoiunganisha nayo, maana ligi ya wanawake siku hizi inaonyeshwa kwenye aplikesheni tu.

Benchi la mwisho lilikuwa la Mzee Lukumani. Kila Nyota ya Ruangwa ilipocheza, alitoka kijijini kwake Kilimarondo, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi na kuketi pale bila kusema neno. Ukimuuliza, amefuata salfa ya mikorosho. Salfa aliyoifuata mwaka huu ingetosha kupulizia mikorosho ya wilaya nzima. Sote tulijua amefuata nini. Golikipa wa Nyota ni Shakila, binti yake wa kumzaa.

Shakila aliposajiliwa, miaka mitatu iliyopita, Abdulatifu, kaka mkubwa wa Lukumani, alikuja juu. Mtoto wa kike avae bukta mbele za watu! Lukumani akaapa mbele ya ndugu wote kwamba hatatia mguu kwenye uwanja wowote anaocheza binti huyo. Tangu siku hiyo ukimwita Baba Shakila haitiki. Anataka Baba Fahadi, jina la mwanawe wa kiume. Binti naye ni mbishi kama baba yake. Alibeba begi lake akaenda Ruangwa, na simu nyumbani hakupiga.

Mimi nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Mzee mzima anamwangalia mwanawe kwa kuibia! Lakini siku moja Shakila alipopangua penati, nilimwona Lukumani akiinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Halafu ikaja Jumamosi ya mechi ya mwisho, Nyota nyumbani Ruangwa dhidi ya timu ya Songea. Wakifungwa wanashuka daraja, na huko chini hakuna anayewaonyesha. Kibanda kilijaa mapema. Nikawasha simu, na televisheni ikaandika kwa herufi nyeupe: Mchezo huu hauonyeshwi katika eneo lako.

Nikapiga huduma kwa wateja, nikaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie.

“Ni utaratibu mpya, mama,” binti wa huko akaniambia kwa upole. “Mechi za nyumbani tunazifunga zisionekane ndani ya mkoa wa timu, ili watu waende uwanjani.”

“Kwa hiyo wa Mwanza anaiona?”

“Anaiona vizuri kabisa.”

“Wa Mwanza asiyemjua Shakila anamwona, na sisi wa kwao hatumwoni?”

Akaniuliza kama nina swali lingine. Nilikuwa nalo, ila haliandikiki.

“Jaribu tena, Mama Valentina,” Lukumani akasema kutoka nyuma. Nikajaribu. Maneno yakawa yale yale. Akanisogelea, akaniomba tena, kisha mara ya tatu.

“Mzee, kaa chini,” mtu mmoja akasema. “Tuwekewe mpira wa Ulaya. Huo haujafungiwa.”

“Sitaki Ulaya!” Lukumani akapiga kelele. “Namtaka mwanangu! Mimi ni Baba Shakila!”

Kibanda kizima kikageuka kumtazama. Nikafurahi, na hasira ikiwa pale pale.

“Basi, Baba Shakila, wanataka twende uwanjani,” nikamwambia. “Twende.”

“Unajua niliapa.”

“Uliapa kumfurahisha Abdulatifu. Abdulatifu ndiye aliyemzaa?”

Lukumani alipandisha kofia yake, akatoka nje kabla yangu.

Nikafunga kibanda. Tukapanda mshikaki kwenye bodaboda ya Jastin, yeye mbele, Lukumani katikati, mimi nyuma, nikilaani kila shimo mpaka Ruangwa. Njiani mzee akafunguka. Akasema shambani kwao walikuwa na madungu mawili ya kulindia mahindi, yeye upande mmoja, Shakila upande wa pili. Kila baada ya muda alimwita, “Shakila, uko macho?” na mtoto akajibu kwa kupiga debe mara tatu. Nguruwe pori hawakuwahi kupita upande wa Shakila.

“Watu wanauliza nani alimfundisha kudaka,” akasema. “Mimi ndiye niliyemfundisha kulinda.”

Tulifika kipindi cha pili kikielekea mwisho, bila kwa bila. Kwenye lango la uwanja Lukumani alisimama. Nilidhani anarudi. Akavuta pumzi, akatia mguu ndani, kisha wa pili. Tukaenda moja kwa moja nyuma ya goli la Nyota, na hapo hapo refa akapuliza penati kwa Songea.

Shakila alikuwa peke yake mstarini, mabega yamelegea. Baba yake akashika uzio kwa mikono miwili.

“Shakila! Uko macho?”

Yule mtoto aliganda. Hakugeuka. Kisha akasogea kwenye nguzo ya goli, akaigonga kwa ngumi mara tatu, akarudi katikati, mabega yamenyooka.

Penati iliingia. Alirukia upande sahihi, vidole vikaugusa mpira, lakini ukaingia. Mpira ukaisha hivyo hivyo, Nyota ikashuka daraja, na mimi nililia waziwazi. Lukumani hakulia wala hakushika kamba za kiatu chochote. Simu yake ikaita. Alikuwa Abdulatifu, na sauti yake niliisikia nikiwa pembeni.

“Nasikia makelele. Uko wapi wewe?”

“Niko Ruangwa uwanjani. Namwangalia mwanangu.”

“Si uliapa?”

“Niliapa, kaka. Nilikosea kuapa, sikukosea kuja.”

“Na redioni wanasema wamefungwa! Mwakani hawataonyeshwa popote.”

Shakila alikuwa anakuja kwenye uzio, glavu mkononi, macho mekundu. Lukumani akamtazama hivyo hivyo, simu ikiwa bado sikioni.

“Wasimwonyeshe,” akasema. “Nitakuja mwenyewe.”